Mtaa wako mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la mtaa wetu, upande wa Tabata, Dar es Salaam. Haipiti wiki bila mtu kunifuata pembeni na swali lile lile kwa maneno mengine: hii habari ya mtaa niliyoikuta mtandaoni niiamini? Niisambaze? Niiombe ifutwe? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeyaweka yote hapa. Mengine nimeyajua kwa kusoma, mengine kwa kuumbuka.

Unaposema taarifa za mtaa mtandaoni unamaanisha nini hasa?

Chochote ambacho mtu asiyekaa kwenu anaweza kukisoma kwenye simu, akaamua jambo kuhusu kwenu. Tangazo la dalali Instagram limo. Ramani ya Google na maoni ya watu chini yake yamo. Uzi wa "mitaa hatari ya Dar" unaorudi kila baada ya miezi michache umo, na kundi letu lenyewe limo, kwa sababu hakuna kinachobaki ndani ya kundi lenye watu zaidi ya mia mbili.

Uingereza na Marekani wamefika mbali zaidi. Unaandika postikodi, yaani namba ya posta ya eneo, unaletewa bei za nyumba, alama za shule, uhalifu wa mwezi uliopita na aina ya watu wanaokaa hapo. Ndiyo maana mifano mingi hapa chini ni ya huko: wamelitumia jambo hili muda mrefu kiasi cha kuona lilikowafikisha.

Watu wameulizia mitaa tangu zamani. Kipya ni kipi?

Kweli, tumeulizia. Ukitaka kuhamia mahali ulikaa kwenye benchi la muuza kahawa, ukanywa vikombe viwili, ukauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na vijana wa kona ile wana shida gani. Alikujibu wewe. Alikuangalia ulivyo, akakupa jibu la mtu kama wewe, na kama alikosea ulijua pa kumrudia.

Siku hizi jibu linaandikwa mara moja na kusomwa na maelfu wasiomjua aliyeandika, na linakaa. Mtaa uliokuwa na kibaka mmoja mwaka 2016 bado una kibaka huyo kwenye uzi wa zamani, ingawa mwenyewe ameshaoa, ana genge la nyanya na anaswali safu ya mbele.

Kuchora mitaa kwa rangi na madaraja kulitangulia intaneti, hata hivyo. Mtafiti Mwingereza, Charles Booth, alianza kutoa ramani zake za umaskini wa London mwaka 1889, mtaa kwa mtaa: manjano kwa matajiri, nyeusi kwa wa chini kabisa, ambao maelezo ya ramani yenyewe yaliwataja kama watu waovu, nusu wahalifu. Marekani, miaka ya 1930, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lililoitwa HOLC lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuipa mitaa daraja A hadi D kwa usalama wa kukopesha. D ilikuwa nyekundu, na mitaa ya watu weusi iliangukia humo karibu yote. Wanahistoria bado wanabishana ramani hizo zenyewe zilisababisha madhara kiasi gani, lakini desturi ya kuwanyima mikopo ya nyumba watu wa mitaa ile haina mbishi, na ilibidi kusubiri sheria ya mwaka 1968 ili ubaguzi katika makazi upigwe marufuku nchi nzima.

Na kwetu? Mji huu wakoloni waliugawa kwa kanda, tukabaki na maneno matatu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mawili ya kwanza yamekuwa historia. La tatu bado ni tusi, na utalisikia kwa Mswahili akimsema Mswahili mwenzake.

Ramani za uhalifu zinasema kweli?

Zinasema kilichoripotiwa. Hicho ni kitu kingine.

Polisi wa Uingereza na Wales walifungua ramani ya uhalifu ya mtaa kwa mtaa Februari 2011. Siku ya kwanza watu waliivamia hadi tovuti ikazidiwa, kila mmoja akitafuta mtaa wake mwenyewe. Likajitokeza jambo la kiufundi ambalo wengi hawakulijua. Ili kulinda siri ya aliyetendewa uhalifu, tukio haliwekwi kwenye nyumba lilikotokea. Linasogezwa hadi kwenye nukta iliyopangwa karibu na hapo. Kwa hiyo kijimtaa kifupi chenye nukta kinaweza kubebeshwa ugomvi wa baa zote za jirani, na mkazi wake anafungua simu asubuhi anajikuta anaishi kwenye genge la majambazi.

Halafu kuna mzunguko wake. Ukijua kuripoti wizi kunaongeza nukta kwenye mtaa wako, na mwakani unataka kuuza nyumba, utaripoti? Wengine watanyamaza. Mtaa wenye watu wanaonyamaza unaonekana salama, na ule unaoamini polisi kiasi cha kuwapigia unaonekana mbovu. Upande wa pili, polisi wakipiga doria zaidi eneo moja wanakamata zaidi huko, ramani inakuwa nyekundu, doria inaongezwa.

Hata wauzaji wa nyumba wa Marekani waliliona. Desemba 2021 Redfin ilitangaza kwamba haitaweka takwimu za uhalifu kwenye nyumba inazoonyesha, Realtor.com ikaondoa ramani yake, na mwaka uliofuata Trulia nayo ikaiondoa ya kwake. Hoja ilikuwa kwamba takwimu hizo hazijibu swali la mteja, "nitakuwa salama?", na zinaweza kuendeleza ubaguzi wa rangi. Hizi ni kampuni za biashara, tusisahau. Zikiacha kitu kinacholeta wateja, ujue kuna kitu wamekiona.

Na alama za shule? Mzazi kujua shule nzuri ina ubaya gani?

Mzazi hana kosa. Tazama tu kinachotokea wazazi wote wakifanya hivyo kwa pamoja.

GreatSchools ya Marekani huzipa shule alama 1 hadi 10, na alama hizo huonekana kwenye matangazo ya nyumba pembeni ya idadi ya vyumba. Mwaka 2019 watafiti wawili, Sharique Hasan na Anuj Kumar, walilinganisha maeneo kadiri alama hizo zilivyoenea. Lengo la taarifa lilikuwa kumsaidia mzazi wa kipato cha chini apate shule bora. Walichokikuta ni kinyume chake: wenye uwezo na elimu ndio walioitumia, kwa sababu kujua shule nzuri iko wapi hakukusaidii kama kodi ya eneo lile huiwezi. Tofauti ya bei za nyumba, kipato na rangi kati ya maeneo ikapanuka.

Alama za mtihani kwa kiasi kikubwa hufuata hali ya nyumbani. Kwa hiyo mtu anayenunua nyumba kwa alama ya shule mara nyingi amenunua majirani.

Dar na Nairobi hatuna ramani kama hizo. Linatuhusu nini?

Fungua tangazo la dalali. Hili nimelinakili kutoka kwenye status ya mmoja, nikaondoa namba tu:

"CHUMBA MASTER NA SEBULE, PUBLIC TOILET IPO YA WAGENI, LUKU YAKO, MAJI DAWASA, NDANI YA FENSI, DK 5 KUTOKA LAMI. MTAA UMETULIA WATU WASTAARABU. HAKUJAI MAJI. KODI MIEZI 6 + YA DALALI MWEZI 1."

Soma "mtaa umetulia, watu wastaarabu." Hiyo ni ramani yenye rangi, ila imeandikwa kwa maneno. Dalali akisema mahali ni "kwa kishua" amekwishapandisha kodi kabla hujaona mlango. Akinyamaza kuhusu mtaa akataja vigae na dari tu, umeshajua.

Halafu kuna gari la kuita kwa simu. Watu wa mitaa fulani wamezoea: dereva anakubali, anaona unakokwenda, anakupigia "bosi unaenda wapi?", anafuta. Usiku ndiyo usiseme. Kuna watu wanaoweka pini kwenye kituo cha mafuta cha barabarani halafu wanatembea dakika kumi gizani, yaani hofu ya dereva inabebwa na abiria. Nairobi nimesikia hadithi hiyo hiyo, na ya vijana wanaoandika anwani ya shangazi kwenye maombi ya kazi ili wasomeke wanatoka upande mwingine wa mji.

Mambo huweza kugeuka pia. Tandale ilikuwa jina la kutajwa kwa sauti ya chini. Diamond Platnumz akaja kuitwa Simba wa Tandale, na leo mtoto wa Mwanza ambaye hajafika Dar analijua jina hilo kwa heshima. Sidhani kama mitaro ya Tandale iliboreka kwa ajili ya wimbo, lakini mtu wa Tandale akitaja kwao hainamishi kichwa.

Kwa hiyo bora mtaa usiwepo mtandaoni kabisa?

Hapana, na hapa ndipo ninapogombana na wanaotaka kila kitu kifutwe. Kutokuwepo kuna gharama yake.

Hadi mwaka 2009 Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni. Vichochoro, vyoo, zahanati, shule, makanisa, misikiti, hakuna. Mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe walibeba vifaa vya GPS, wakatembea na kuviingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Ndio mradi wa Map Kibera. Hebu fikiria: eneo lililotembelewa na waandishi wa habari wa dunia nzima halikuwa na ramani ya kumwonyesha mgeni choo kilipo.

Kibera hiyo hiyo kwa miaka ilitajwa kuwa na watu milioni moja, na wengine waliongeza. Sensa ya Kenya ya 2009 ikahesabu 170,070. Watu wakabishana na sensa, na wabishane. Lakini ile milioni ilizunguka kwa sababu iliwafaa wengi: mwandishi alipata kichwa cha habari, mwomba ufadhili akapata hoja. Mkazi alipata sifa ya kuishi kwenye mtaa unaosemwa kuvunja rekodi ya wingi wa watu.

Dar tuna Ramani Huria, mradi wa aina hiyo hiyo. Tandale ilichorwa mwaka 2011, na kuanzia 2015 kazi ikapanuliwa kata kwa kata, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakitembea na wakazi. Walichora mitaro, madaraja, njia za miguu, na kuwauliza wenyeji maji hufika wapi mvua ikinyesha. Bibi aliyekaa pale miaka thelathini anaonyesha kwa mkono kwenye ukuta wake: hapa. Hiyo ni taarifa ya mtaa ambayo hakuna setilaiti inayoweza kuipata, na kwa mji uliopigwa na mafuriko ya Desemba 2011, ambayo familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baada yake, ni taarifa inayookoa.

Ramani ya mafuriko ikionyesha nyumba yangu, si bei itashuka?

Itashuka, au mpangaji atakuja na hoja ya kupunguziwa kodi. Sitakudanganya. Mwenye nyumba mmoja kwetu aliniomba niwaambie watu wasitume tena picha za uchochoro wake ukiwa umejaa maji. "Unanifukuzia wapangaji," alisema. Mwaka uliotangulia alimpangisha dada mmoja chumba kile kile mwezi wa Januari, wakati jua linawaka na ardhi imekauka. Aprili dada akaamka godoro linaelea. Kodi ya miezi sita alikuwa amelipa yote.

Picha hazikuondolewa.

Kundi la WhatsApp la mtaa linasaidia au linaharibu?

Kwetu limesaidia zaidi. Mtoto aliyepotea gulioni alipatikana kwa dakika arobaini. Transfoma ikilipuka tunajua kabla ya watu wa huduma kwa wateja. Misiba inachangiwa haraka.

Lakini niseme lililonifanya niandike ukurasa huu. Jioni moja mtu alituma picha ya kijana amesimama kwenye geti, begi mgongoni, anatazama ndani. Maneno: "Huyu anazunguka tangu saa tisa, anachungulia nyumba za watu. Tuwe macho." Ndani ya robo saa nilihesabu majibu 31. La nane lilimwita mwizi. La kumi na nne lilisema alionekana pia wiki iliyopita, siku ya wizi wa betri. La ishirini liliuliza vijana wako wapi. Mimi admini niliandika, naona aibu hadi leo, "Tumfuatilie." Kijana alikuwa fundi wa king'amuzi, ameelekezwa nyumba yenye geti la bluu, na mtaa wetu una mageti ya bluu matano. Aliyemwita aje kufanya kazi alikuwa mwanachama wa kundi, simu imezima chaji. Mzee mmoja, mjumbe wa zamani, ndiye aliyetoka nje kwa miguu yake, akamsalimia na kumuuliza, "Mwanangu, unatafuta kwa nani?"

Swali hilo halikuulizwa na hata mmoja kati ya wale 31.

Oakland, Marekani, walipitia jambo la aina hiyo hiyo kwenye Nextdoor, mtandao wa majirani: tahadhari za "mtu anayeshukiwa" ambazo ukizisoma vizuri shaka yenyewe ilikuwa rangi ya ngozi. Baada ya wakazi kulalamika, mwaka 2016 kampuni ilibadilisha fomu. Ukitaka kuripoti mtu sharti kwanza uandike alichokuwa anafanya, na ukitaja rangi uongeze maelezo mengine kama mavazi. Kampuni yenyewe ilisema ripoti za kibaguzi zilipungua kwa asilimia 75. Hesabu ni ya kwao, ichukue hivyo, ila wazo nimeliiba: kwetu sasa huruhusiwi kutuma picha ya mtu bila kuandika amefanya nini. "Simwelewi" haihesabiki.

Naweza kutuma picha ya kamera ya mtu aliyeiba kwangu?

Peleka polisi kwanza, na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayobana wanaosambaza taarifa za uongo. Kenya wana sheria yao ya ulinzi wa data ya 2019. Ukikosea sura ya mtu hutalindwa na neno "nimefowadiwa". Tena mji huu kelele ya "mwizi!" inajulikana inakoishia.

Anwani za makazi na postikodi zitatuletea yale ya Uingereza?

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa. Operesheni ya anwani ilizinduliwa Februari 2022, kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo, na vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba vikawekwa. Mimi naipenda. Gari la wagonjwa linahitaji kujua nyumba ilipo, na "ukifika kwenye mwembe kata kushoto" halitoshi, hasa mwembe ukishakatwa.

Tofauti iko kwenye ukubwa. Postikodi moja ya Uingereza ina wastani wa nyumba 15 hivi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuna kampuni zinazopanga wakazi katika makundi kwa postikodi zao na kuwauzia benki na wafanyabiashara makundi hayo. Bima ya gari hupanda au kushuka kwa unapolala. Postikodi yetu ni ya kata nzima, maelfu ya watu, mwenye ghorofa na muuza maandazi wake pamoja. Kwa sasa ni kubwa mno kumbagua mtu. Lakini namba ya nyumba ni ndogo vya kutosha, kwa hiyo siku mkopeshaji wa kwenye simu atakapoanza kukuuliza namba ya nyumba, na wewe muulize ya nini.

Ndugu yangu anahamia Marekani, ameniomba nimsaidie kuchagua mtaa kwa simu. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye rangi za ramani. Anzia kwa Waswahili waliopo mji ule, msikitini au kanisani, ujue wanakaa wapi na kwa nini walihama walikotoka. Alama ya shule mwulize mwalimu au mzazi mwenye mtoto pale. Shule yenye alama 4 inaweza kuwa ndiyo yenye walimu waliozoea watoto wanaojifunza Kiingereza upya. Muda wa basi aupime mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi.

Na mimi ninayehama hapa hapa Dar?

Nenda mara tatu: mchana, saa tatu usiku, na siku ya mvua. Angalia ukuta, chini, kama kuna mstari wa tope. Kunywa kahawa.

Mtaa wetu umeandikwa jina la ajabu kwenye ramani. Nifanyeje?

Kwenye Google bonyeza mahali husika, pendekeza mabadiliko, na wahimize majirani kadhaa wafanye hivyo hivyo, maana ombi la mtu mmoja mara nyingi linakaa tu. Kwenye OpenStreetMap fungua akaunti urekebishe mwenyewe. Kabla ya kurekebisha, kubalianeni jina. Sisi tulibishana wiki mbili: wazee wanataka jina la mwembe, vijana wanataka la baa. Limeshinda la mwembe. Kisima cha msikiti bado kinasomeka "car wash", na kila Jumamosi anatokea mtu na gari lake lenye vumbi anauliza foleni inaanzia wapi.